Siku Nathan Alipozima Simu

Nathan wa Unyambwa alifanya kosa moja kubwa maishani, na kosa lenyewe lilikuwa namba ya simu.

Msinielewe vibaya. Si mlevi, si mwizi, na kanisani anaimba besi. Ni fundi wa redio na simu ambaye siku moja alichoka kutengeneza vya wenzake, akaunda cha kwake: mashine ya kutotolesha vifaranga. Sanduku la mbao, taa, feni, trei za mayai, na ndani yake kadi ndogo ya kompyuta inayolinda joto na kugeuza mayai kama afanyavyo kuku mwenyewe. Sanduku kila fundi analiweza. Kazi ilikuwa programu inayoiambia ile kadi la kufanya. Aliiandika pamoja na Kauthar, binti wa Mzee Mansuri mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Singida mjini. Kauthar alisomea kompyuta Dodoma, akarudi na cheti na mdomo usio na breki. Programu wakaiita Mtetea. Halafu, kwa moyo safi kabisa, wakaiweka mtandaoni iwe huria: yeyote aichukue, aibadilishe, amgawie jirani, hakuna kulipa wala kuomba ruhusa.

Kauthar alikuwa bado anapima wapi pa kuwaweka watumiaji, wapi watauliza wakikwama na nani atawajibu. Nathan akaona binti anachelewesha mambo. Akaandika mwenyewe yale maneno yanayotokea kwenye kioo mashine inapowaka: "Ukikwama, piga," akaweka namba yake. Alidhani watapiga majirani.

Hee! Kitu cha bure kina miguu. Mtetea ilitoka Unyambwa ikaenda Mtinko, ikashuka Mkiwa, na pale Mkiwa njia panda ikadandia magari ya watu ikafika Manyoni, Itigi, Tabora, na vijiji ambavyo Nathan ukimuuliza viko mkoa gani anabaki kutoa macho. Kila aliyenakili programu alinakili na namba. Kuifuta hakuwezekani, maana imeshaingia kwenye masanduku ya watu. Kubadili laini nako hakuwezekani, maana anayepiga ana mayai ndani, na yai halina kesho. Joto likipanda mchana huu, jioni umeshapika.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Wema Nathan aliutenda. Kwenda zake ndiko kulikomshinda.

Simu iliita akiwa kwaya, iliita akiwa msalani, iliita akiwa na sabuni machoni. Akaanza kuoga nayo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, imening'inizwa kwenye msumari. Na usidhani mtu anapiga anauliza tu. Kwetu hakuna kuuliza hivihivi. Kwanza shikamoo, kwanza habari za nyumbani, mvua huko vipi, vitunguu vimefikia wapi, mama anaendeleaje na mguu. Ndipo, "Sasa Nathan, hii taa nyekundu maana yake nini?" Naye anajibu, taratibu, kwa adabu, huku chai inapoa. Sehemu isiyo na mtandao akawa haendi tena. Akawa kama mbuzi wa kamba, majani ya ng'ambo anayaona, hayafikii. Aliichukia ile simu. Nasema kweli, kuna siku aliiangalia pale mezani na akatamani ng'ombe aikanyage.

Simu moja tu katika zote ilimfurahisha. Ilitoka Kiomboi, kwa dada anayeuza kwenye duka la pembejeo, aitwaye Klara. Alipiga kuuliza kuhusu kipimajoto. Kesho yake akapiga tena, kipimajoto kizima. Keshokutwa akapiga, na neno kipimajoto halikutajwa kabisa.

Basi mambo yakaenda yalivyokwenda, Nathan akapeleka posa.

Mshenga wake alikuwa Mwalimu Enock, mwalimu mkuu mstaafu, mzee mrefu wa koti na miwani, aliyefundisha shule za Singida hizi mpaka akachoka. Nusu ya wanaofuga kuku mkoani wamepita mikononi mwake, na wengi bado wakimwona wanaficha viganja nyuma. Mashine ya Mtetea alikuwa nayo, na Nathan alimpenda kama mwanawe. Walikaribishwa Kiomboi vizuri, ugali wa mtama, mlenda, na kuku wa kuchemsha. Mwalimu akafungua kinywa, akaanza maneno ya posa kwa ufundi wake. Simu ya Nathan ikaita.

Ilikuwa ya mtu wa Manyoni. Umeme umekatika, mayai yamekaribia kuanguliwa. Ungefanyaje wewe? Nathan alitoka nje, akasimama nyuma ya zizi akimwelekeza yule bwana jinsi ya kufunika sanduku kwa mablanketi na kuweka chupa za maji ya moto. Alipokata, simu ikaita tena, mwingine wa hukohuko. Aliporudi ndani, sahani zilikuwa zimeshaondolewa. Mjomba wa Klara, Abraham, na kwa Wanyiramba neno la mjomba ndilo neno, alimtazama, akamgeukia mshenga.

"Mwalimu, nyie watani zetu Wanyaturu mna vituko. Mmetuletea kijana aliyekwisha kuoa."

"Kuoa nani, mzee mwenzangu?"

"Simu. Na mke mwenyewe ana wivu. Nendeni, akishampa talaka mrudi. Aje mwenyewe akae hapa mpaka tumalize, simu imezimwa, tumwone kama ni mtu."

Walicheka wote, lakini posa ilirudi. Klara alisimama mlangoni na hakucheka. Baadaye akampigia. "Nathan, mjomba hatanii. Mara ya pili ukitoka nje, mimi siwezi kuwazuia wasikukatae. Nami sitataka kuwazuia."

Tarehe ya pili ikapangwa. Siku moja tu Nathan alihitaji, siku moja ambayo watu wa Mtetea wangeulizana na kujibiana wenyewe bila yeye. Akaenda dukani kwa Mzee Mansuri, wakakaa na Kauthar nyuma ya mabati.

"Hatimaye," Kauthar akasema. "Nilikwambia tangu mwanzo tuchague mahali. Tuweke jukwaa mtandaoni. Swali linabaki pale na jibu linabaki pale, wa kesho analisoma, hana haja ya kukupigia. Jibu likiwa baya, yeyote analisahihisha. Na mtu haingii kwa jina lake, anajipa lakabu."

"Watu wa Mtinko na nywila wapi na wapi, Kauthar?"

"Tujaribu basi, usihukumu."

Wakajaribu. Kauthar akalitengeneza vizuri, akawatumia watu kiungo. Waliingia kweli. Wa kwanza alijipa lakabu ya Jogoo, na chini yake akaandika: "Shikamooni wakubwa wote. Mimi ni Godfrey wa Mkiwa, mtoto wa marehemu Shukuru, nyumba ya tatu kutoka kanisani." Wa pili naye hivyohivyo. Nani azungumze na watu bila kusema yeye ni nani? Wahuni tu. Halafu kila aliyeandika swali alimpigia Nathan papo hapo: "Kaka, nimeandika kule. Umeona?"

Nathan akawa na kazi mbili badala ya moja.

"Wape muda," Kauthar alisema. "Watazoea."

"Muda sina! Posa ni mwezi huu. Nafungua grupu la WhatsApp, kila mtu anayo, bando wanalo."

Kauthar akaweka simu yake chini, jambo asilolifanya mara nyingi. "Sikiliza. Kwenye grupu kila mtu anajua nani mkubwa kwa nani. Mkubwa akikosea, nani atasema?"

"Mambo ya vifaranga hayo, siyo ya uchifu."

"Haya. Mimi huko siingii. Nitabaki na jukwaa langu, hata kama niko peke yangu na huyo Jogoo."

Nathan akafungua grupu. Likajaa siku hiyohiyo. Likajaa pia sala za asubuhi, matangazo ya misiba, na picha za maua. Kulituliza, Nathan alimfanya Mwalimu Enock awe admini, na kweli, mzee aliandika mara moja tu, "Tuheshimu lengo la grupu," na maua yakakoma siku ileile. Baada ya hapo lilikwenda kama saa. Mtu anauliza, Nathan anajibu, akikosea kidogo Jesca wa Mtinko anamrekebisha hadharani, wanacheka, yanaisha. Nathan kijana mwenzao, kumrekebisha si kazi. Mwalimu alikuwa anasoma tu na kusalimia. Nathan aliangalia mambo hayo akaona amepona. Simu yake ilianza kukaa kimya mchana mzima, naye akaanza tena kunywa chai ya moto.

Siku ya posa wakakodi gari aina ya Noah wakaenda Kiomboi. Kabla ya kuingia ndani, mbele ya Mjomba Abraham, Nathan akaizima simu. Hakuiweka kimya, aliizima kabisa, akamkabidhi mjomba, naye akaiweka juu ya kabati kama mtu anayeweka nyoka.

Sasa hapo ndipo nataka mwone vizuri. Nathan amekaa kwenye mkeka wa wakwe, mikono mapajani, mwepesi kama aliyetuliwa mzigo wa kuni. Anasikia maneno yote ya posa, la kwanza mpaka la mwisho. Anatania anapotaniwa. Klara anapita na birika la maji ya kunawa, anamtazama mara moja. Kushoto kwake amekaa mshenga, mzee wa heshima zake, na kila wakwe wanapotoka nje kushauriana, mzee anainamisha miwani kwenye koti lake. Nathan alidhani anasinzia. Wazee husinzia.

Jioni Mjomba Abraham alisimama. "Leo umekaa," akasema. "Mtu anayekaa tunaweza kumpa mtu." Vigelegele vikapigwa. Akashusha simu kabatini, akampa kwa mikono miwili. Nathan aliitia mfukoni bila kuiwasha, na mimi nasema huo ndio muda mzuri kuliko wote alioupata tangu aandike ile namba.

Aliiwasha garini, walipokuwa wanatafuta barabara kuu ya Misigiri. Mwalimu alikuwa pembeni yake, amevua viatu, anaimba wimbo wa zamani wa shule.

Ujumbe ukaingia mpaka simu ikawa inatetemeka mkononi.

Alianza na grupu. Bi Mwantum wa mjini aliandika mchana. Huyu ni mama wa makamo anayetotoleshea mayai ya majirani, kila nyumba ya mtaa wake ina mayai yake mle ndani. "Jamani, mashine inalia, imeandika MAJI, na mayai yameshaanza kutoboka. Nifanyeje?"

Swali jepesi. Kila mtu wa Mtetea anajua. Vifaranga vikianza kutoboa ganda hufungui mfuniko kwa lolote lile, maana unyevu unatoka, utando unakauka, na kifaranga kinanata ndani. Unamimina maji ya uvuguvugu kwenye kibomba cha ubavuni, basi.

Chini yake kulikuwa na jibu la Mwalimu Enock. "Mama, usihofu. Nathan leo ana udhuru, nipo mimi. Fungua mfuniko wote nusu saa vipate hewa, kisha vinyunyizie maji. Hata kuku hutoka kiotani kwenda kula."

Na chini ya hapo: "Asante mwalimu." "Shikamoo mwalimu, tumejifunza." "Mungu akuzidishie, mwalimu wetu." Yakaendelea hivyo, watu wa Mtinko, wa Mkiwa, wa Itigi, wote wanashukuru. Hakuna hata mmoja aliyesema vingine.

Nathan akatoka kwenye grupu, akaangalia ujumbe alioandikiwa pembeni, yeye peke yake.

Godfrey wa Mkiwa: "Kaka, mwalimu kapotoka. Mwambie mama afunge haraka."

Mwingine: "Mwambie wewe, sisi tutaonekana hatuna adabu."

Mwingine: "Nathan uko wapi? Vitakufa vile!"

Jesca wa Mtinko, yule aliyekuwa anamrekebisha Nathan kila siku bila kupepesa: "Alinifundisha darasa la nne, siwezi kumkosoa mbele za watu. Nimempigia Bi Mwantum kwa siri. Ameniambia, kama mwalimu amekosea, mbona wote wanamshukuru?"

Jamani. Walijua! Grupu zima lilijua, na jibu sahihi lilikuwapo, limeandikwa tena na tena, lote limerundikwa ndani ya simu moja iliyozimwa juu ya kabati Kiomboi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Bi Mwantum alilisikia la mkuu vizuri sana.

Wa mwisho alikuwa Kauthar. "Habari zimenifikia dukani. Nimekimbia mpaka kwake, nimefunga mfuniko. Nimechelewa, Nathan. Vinalia ndani ya maganda, haviwezi kutoka. Majirani wameanza kuja kuulizia."

Nathan aliusoma huo mara mbili. Hasira ikampanda kwa wote, kwa Godfrey, kwa Jesca, kwa kila "asante" aliyoiona. Watu wazima wanaogopa neno moja! Wamwache mama wa watu afungue mfuniko kwa mkono wake kwa sababu ya fimbo za darasa la nne!

"Unasoma?" Mwalimu akauliza, mchangamfu. "Umeona nilivyokushikia lindo? Nilisema, kijana wangu leo asisumbuliwe. Nikawa najibu chini ya koti, hata wakwe hawakuona."

Nathan akafungua mdomo.

Mlangoni kwa Klara kulikuwa bado na vumbi la kuagana. Mahari haijapangwa, tarehe haijapangwa, na anayerudi Kiomboi kuyapanga hayo yote ni huyu huyu mzee aliyevua viatu. Mshenga ukimvunjia heshima anarudi kwa wakwe na sentensi moja tu, kijana hana adabu, na hapo hata Klara hana la kufanya. Na si hilo tu, nitawaambia ukweli wote. Hata kama posa isingekuwapo, Nathan alimtazama yule mzee, furaha yake, magoti yake marefu yaliyokunjwa kwenye kiti kidogo, akatafuta maneno ya kumwambia umeua vifaranga vya watu, na maneno hayakuwapo. Alikuwa hajawahi kufundishwa.

"Nimeona, mwalimu," akasema.

Simu ikaita. Bi Mwantum.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti yake ilikuwa imechoka kulia. Nyuma yake palisikika watu wakizozana. "Nathan, sikulaumu. Nataka kujua tu, mimi nilikosea wapi? Nilifanya kama nilivyoambiwa. Huyu binti wa Mansuri anasema nisingefungua. Wengine kule wote walisema asante. Watu wako hapa uani wananiuliza mayai yao, niwaambie nini?"

Mwalimu alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa anasikiliza, kichwa ameinamisha kidogo, kama alivyokuwa akisikiliza mtoto anasoma kwa sauti.

"Hukukosea, mama," Nathan akasema. "Mashine ndiyo mbovu. Programu nimeiandika vibaya mimi. Waambie ni kosa la Nathan wa Unyambwa, kesho nakuja mwenyewe, nitasimama mbele yao."

"Ni kosa lako?"

"Ni langu, mama."

"Basi mwanangu, kule kwenye grupu mimi siulizi tena. Nikikwama nitakupigia wewe. Si utapokea?"

"Nitapokea."

Akakata. Mwalimu Enock alimwekea mkono begani, mkono mkubwa, mzito. "Hivyo ndivyo anavyosema mwanaume. Mtu akikosea akubali. Ungeruka, ningekushangaa. Nitamweleza Mjomba Abraham habari hii, atafurahi." Akanyoosha miguu. Kisha akakumbuka jambo, akageuka. "Ila kule kwenye grupu hujaandika kitu. Nimekaa siku nzima nawajibia watu wako. Wataona kama hujathamini."

Nathan alilifungua grupu. Chini ya asante zote hizo palikuwa na nafasi tupu ya kuandikia. Akaandika, "Asante sana, mwalimu wetu," akatuma.

Juu ya kioo ulikuwa umeingia ujumbe mwingine, wa Klara, pembeni. "Leo nimefurahi. Siku ya harusi utaizima tena?"

Akaanza kumwandikia jibu. Simu ikaita, namba asiyoijua, mtu wa mbali.

"Shikamoo," Nathan akasema. "Habari za huko? Mvua vipi?"